Simoni wa Kirene na Mzigo Usio Wake

Katika habari za kusulibiwa kwa Bwana Yesu yumo mtu mmoja ambaye wahubiri wengi humpita upesi. Ni Simoni wa Kirene, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo twaiita Libya. Marko asema ya kuwa alikuwa akitoka shamba, askari wakamshurutisha kuuchukua msalaba. Hakuwa na kesi yo yote. Alikuwa mpita njia tu. Na mkulima atokaye shamba hudhani ya kuwa kazi nzito ya siku ile imekwisha!

Warumi walikuwa na desturi ya kumkamata mwenyeji wa nchi waliyoitawala na kumtwika mizigo yao. Jambo hili si geni kwetu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wanaume wa nchi ambazo leo ni Kenya na Tanzania walichukuliwa, wengi wao kwa nguvu, wawe wapagazi wa majeshi, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Jina la Kariokor katika Nairobi, na la Kariakoo katika Dar es Salaam, ni ukumbusho wao. Mtu asiniambie ya kuwa mizigo ile ilikuwa mitakatifu kwa sababu ilikuwa mizito.

Nayasema haya kwa kuwa tumezoea kulitumia neno msalaba ovyo. Mke apigwaye na mumewe huambiwa auchukue msalaba wake. Mama yangu aliugua mifupa kwa miaka mitatu kabla ya kufariki, na wageni walikuja wakaketi karibu na kitanda, wakamwambia amshukuru Mungu kwa maumivu yale, ati yanamtakasa. Mama alikuwa mtu wa sala sana. Lakini siku moja alimjibu mzee mmoja, "Baba, hata Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke." Mzee akanyamaza, kisha akaomba chai.

Jibu lile limenikaa moyoni. Kule Gethsemane Yesu hakuyapenda maumivu. Wala msalaba haukuwa na heshima yo yote: ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Mwaka 71 kabla ya Kristo, maasi ya watumwa wa Spartacus yaliposhindwa, watu wapatao 6,000 walitundikwa kandokando ya barabara iendayo Roma. Na mwaka 1968, makaburi ya kale yalipochimbuliwa Yerusalemu, ulionekana mfupa wa kisigino cha mtu wa karne ile ile ya Yesu, nao msumari ungali umekwama ndani yake. Kama maumivu peke yake yangeokoa, tungekuwa na wakombozi wengi mno. Mimi nasadiki ya kuwa kilichookoa pale Golgotha si misumari, bali ni upendo wa yule ambaye angeweza kukimbia usiku ule naye hakukimbia, akawaombea msamaha hata wale waliompigilia.

Naye Simoni je? Yeye hakujitolea. Hata hivyo Marko amtaja kuwa baba yao Iskanda na Rufo, pasipo kueleza ni akina nani, kana kwamba wasomaji wake waliwajua vijana hao vizuri. Yaelekea basi walikuwa watu wa kanisa. Hatuambiwi lililompata yule mkulima njiani. Luka asema tu ya kuwa alikwenda nyuma ya Yesu. Basi alikuwa akiutazama mgongo uliopigwa mijeledi, na uzito wa mti aliusikia begani mwake mwenyewe. Wengine wote barabarani walikuwa wakitazama tu, au wakisema.

Katika ugonjwa wa mama alikuwapo jirani mmoja, mwanamke, ambaye sikumsikia hata mara moja akisema habari za kutakaswa. Alikuja kila alfajiri, akamgeuza mama ubavu, akafua shuka, kisha akashika jembe lake akaenda zake. Wakati wa masika aliingia na matope hata magotini. Mama akampa jina la Simoni. Jirani yule alicheka sana, akasema hilo ni jina la shemeji yake, tena mlevi, lakini kesho yake alipobisha hodi na kuulizwa ni nani, akaitika, "Ni Simoni."