Picha Isiyo na Tarehe

Somo la jiografia hufundishwa vema kwa picha, lakini picha nayo yahitaji kufundishwa. Jambo hili nilifunzwa na mtoto wa Darasa la Sita, hapa Nangwa.

Siku hiyo niliwaonyesha wanafunzi picha ya chemchemi za maji moto za Loburu, kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya. Maji yachemkayo yalirushwa juu kutoka ufukoni, mvuke ukapaa. Nikasema kwa kujiamini, "Hivi ndivyo zilivyo." Mtoto mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, picha hii ilipigwa lini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia aketi, nikaendelea na somo.

Baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 2010 maji ya Bogoria yalianza kupanda, na chemchemi nyingi za ufuko ule zikafunikwa. Picha yangu haikusema uongo. Mimi ndiye niliyeipa wakati usio wake. Hata hivyo, niliona haya kurudi darasani na kukiri.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani. Shule zilipofunguliwa, watoto waliniuliza mlima ulikuwaje kabla ya siku ile. Tulikuwa tumeutazama kila asubuhi, lakini hatukuwa na picha yake hata moja yenye tarehe. Ndipo nilipokiri kosa langu la kwanza na la pili pamoja.

Tangu hapo tumeweka jiwe uwanjani. Kila mwezi, saa ileile, mwanafunzi husimama juu ya jiwe hilo na kuupiga mlima picha kwa simu yangu. Mti uleule wa mpakani huwa pembeni mwa picha, ili tujue kwamba hatukugeuka. Mwingine huandika daftarini tarehe, saa, hali ya mawingu na mvua iliyonyesha. Tena hatulinganishi picha ya masika na ya kiangazi. Tunalinganisha Machi na Machi, ili tusiyaite majira kuwa mabadiliko.

Mwaka 1871, William Henry Jackson alipiga picha za chemchemi za Yellowstone, Marekani. Mpaka leo zafaa kulinganishwa na picha mpya, kwa kuwa mahali na mwaka wake vyajulikana.

Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule, usingoje vifaa. Tafuta jiwe lako wiki ya kwanza, na uandike tarehe. Na mtoto akikuuliza "lini?", usimketishe.