Maumivu Yaliyobaki Yana Kwao

Mpwa wangu mpendwa,

Unaniandikia kwamba mwezi wa nne huu tangu utolewe mfuko wa nyongo, makovu yamefunga vizuri, lakini tumbo bado linauma. Nyumbani nako wamegawanyika: hawa wanasema ni mawazo tu, wale wanasema uliharibiwa, urudi ukapasuliwe tena. Mimi sikubaliani na upande wowote. Maumivu yanayobaki baada ya upasuaji yana chanzo chake, na chanzo hicho kinatakiwa kutafutwa upya, bila kudhani kwamba tayari kinajulikana. Kabla sijakueleza sababu, shika hili moja. Ukipata homa na kutetemeka kwa baridi, macho yakawa manjano, mkojo ukakolea kama chai ya rangi, choo kikapauka, tumbo likawa gumu, au maumivu yakakubana kwa saa nyingi huku ukitapika, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana hizo ni dalili za mrija ulioziba, nyongo inayovuja au kongosho lililovimba.

Tuanze na kile ulichotolewa. Nyongo hutengenezwa na ini, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Mfuko wake ni ghala dogo tu, la mililita 30 hadi 50 hivi, linaloikoleza nyongo na kuisukuma tunapokula mafuta. Ghala likiondoka, ini haliachi kazi. Nyongo huteremka yenyewe mpaka kwenye utumbo. Ndiyo maana tangu daktari Carl Langenbuch alipoutoa mfuko huo kule Berlin mwaka 1882, watu wameishi bila huo na wakazeeka. Lakini jirani zake wote wamebaki: mirija ya nyongo, kongosho, tumbo la chakula, utumbo, na ukuta wa tumbo wenye neva zake. Kila mmoja wao anaweza kuuma palepale ulipozoea kuumwa, chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo. Kwa hiyo jiwe la nyongo linaloonekana kwenye ultrasound kabla ya upasuaji linaweza kubebeshwa lawama ya maumivu yasiyo yake. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia wagonjwa 1,067 waliokuwa na mawe ya nyongo na maumivu ya tumbo. Hata katika kundi lililotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, ambamo wengi walipasuliwa, baada ya mwaka mmoja waliokuwa wamepona maumivu kabisa walikuwa 60 tu kati ya kila 100. Hesabu hiyo inajibu wanaosema ni mawazo yako: kundi kubwa namna hiyo la wanaoendelea kuumwa haliwezi kuwa la wadanganyifu.

Sasa, maumivu hayaumi kwa namna moja, na namna yake huonyesha kwao. Jiwe lililosalia kwenye mrija huuma kwa vipindi: hubana kwa nguvu, nusu saa au zaidi, maumivu yakapenya mgongoni au kwenye bega la kulia, kisha yakaachia. Tumbo la chakula huchoma, hasa likiwa tupu au usiku, na kiungulia hupanda. Hapo huenda kuna vidonda, au bakteria anayevisababisha, au hata diklofenaki na ibuprofeni unazomeza kutuliza maumivu, kwani dawa hizo nazo huchubua tumbo. Utumbo hunyonga na kujaa gesi, ukapata nafuu baada ya choo. Ukiharisha kila umalizapo kula, yawezekana nyongo nyingi inafika utumbo mpana na kuukera, na ipo dawa ya kuinasa, kolestiramini. Na kama unaweza kuonyesha kwa ncha ya kidole mahali panapouma karibu na kovu, na panazidi ukijikaza kuinuka kitandani, hapo mshukiwa ni neva au ngiri. Ndiyo maana nakuomba ununue daftari. Kwa wiki mbili andika saa, mahali, muda, ulichokula, hali ya choo, na dawa uliyomeza.

Najua utasema vipimo ni ghali. Ni kweli, na hapo ndipo daftari linapokulipa: mgonjwa anayesema tu “tumbo linauma” hupimwa kwa kubahatisha, lakini aliyeandika humwezesha daktari kuchagua. Kwa kawaida huanzwa na vipimo vya damu vya ini na kongosho, pamoja na ultrasound. Dalili zikielekea kwenye mirija, MRI inaweza kuona mawe madogo ambayo ultrasound huyapita. Zikielekea tumbo la chakula, ni kamera ya kupitia mdomoni. Nenda na karatasi zote za hospitali, hasa maelezo ya upasuaji na majibu ya maabara ya kile kilichotolewa.

Wanaokuhimiza ukatwe tena wanakuonea huruma, lakini huruma pekee haitoshi kukupandisha tena kitanda cha upasuaji. Nchini Marekani wagonjwa 214 wenye maumivu kama haya, ambao vipimo vyao havikuonyesha mrija ulioziba, waligawanywa: wengine walikatwa kilango kinachoingiza nyongo kwenye utumbo, wengine wakafanyiwa maandalizi yaleyale bila kukatwa. Matokeo yalitoka mwaka 2014: kati ya waliokatwa walipata nafuu 23 kwa kila 100, kati ya wasiokatwa 37 kwa kila 100. Kisu husaidia pale kilipoonekana cha kukatwa, kama jiwe au mrija uliobanwa. Pasipoonekana kitu, huleta hatari bila faida. Nawe jihadhari na wauza dawa za “kusafisha ini” kwa mafuta na malimau. Vibonge vya kijani vinavyotoka chooni, wanavyoviita mawe, vilipochunguzwa vilikutwa ni sabuni iliyotengenezeka tumboni kutokana na mafuta hayohayo.

Huenda daktari wa kwanza asipate jibu. Usione umepoteza nauli: kila chanzo kinachoondolewa kwenye orodha kinakuachia vichache vya kutafuta. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Usiyafiche kwa sababu watu wamechoka kuyasikia, na usiyatibu kabla hujayajua. Anza daftari leo usiku, na wiki mbili zikitimia, nenda nalo kliniki. Mwenyezi Mungu akupe afya.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye.