Mikono ya Mama Muuza Sombe

Picha yangu ya kwanza katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, sikuipiga, nilipigwa. Siku ya kuandikishwa unasimama mbele ya kamera, kofia umevua, uso mkavu, mwingine aingie. Siilalamikii, maana bila hiyo hupati posho. Ila nadhani ndiyo iliyonizoesha kuamini kwamba mtu ni uso.

Baadaye nikaanza kupiga picha hapa hapa Nakivale, eneo la Base Camp. Saa saba mchana jua linakaa utosini na macho ya watu yanageuka mashimo, kwa hiyo nawaweka wateja kivulini na kumwomba mtoto anishikie turubai jeupe la UNHCR, lililochakaa, liwarudishie mwanga usoni. Sijapata taa iliyo laini kuliko turubai hilo. Mvua ikinyesha linarudi paani, na kazi imeisha.

Asubuhi moja nilimpiga picha mama wa Kivu, Kongo, anayeuza sombe, majani ya muhogo ya kutwangwa. Alikuwa anatwanga, moshi wa jirani unapita, jua la saa moja limemtua shavuni. Nikasogea mpaka uso ukaijaza picha yote. Nikaenda kuisafisha Mbarara kwa nauli yangu, nikarudi na vumbi mpaka kwenye kope, picha nimeibana ndani ya daftari.

Aliipokea kwa ncha za vidole vilivyokuwa vya kijani bado. Akaitazama, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kilichobaki.

"Mwanangu, mikono yangu umeipeleka wapi?"

"Mama, nilitaka uso."

"Uso huu si wanao kule kwenye usajili?"

Sikuwa na jibu. Safari iliyofuata Mbarara, rafiki alinionyesha kitabu cha picha za Musa Katuramu, mwalimu wa huko huko aliyefariki mwaka 1983. Filamu zake zilitunzwa na mwanawe, kitabu kikatoka 2014. Nakivale ilipoanza kupokea Wanyarwanda, mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye tayari alikuwa na kamera yake. Jina la kitabu kwa Kiswahili ni kama Watu, Mikao, Mahali. Nikajicheka: mimi nilikuwa nimechukua la kwanza, mawili nikayatupa.

Nikarudi kwa mama. Safari hii alipanga mwenyewe: kinu mbele, mchi mkononi, beseni la majani, ndoo ya njano, na mtoto wa jirani aliyekuwa anapita tu akaambiwa asimame. Nilirudi nyuma hatua sita. Kwa jicho langu picha ilisongamana, na ndoo ile bado inanikera. Akaomba nimtumie kwenye simu, akairusha kwa dada yake aliyebaki Uvira.

Jibu lilikuja jioni, kwa sauti. Dada mtu hakuuliza habari za kambi. Aliuliza kinu hicho kimechongwa na nani, maana mdomo wake umekaa kama kile cha marehemu mama yao.