Sekerr, Mlima Wenye Sakafu ya Bahari

Tuliondoka mtaa wa Jamhuri, Nairobi, kabla ya alfajiri, gari limejaa mahema na vyakula. Sanduku moja mwalimu wetu alikataa liwekwe nyuma. Alilipakata njia nzima. Ndani mlikuwa na gravimita, kifaa cha kupima mvutano wa ardhi kwa miligali. Miligali moja ni takriban sehemu moja katika milioni ya mvutano wote. Nakuru, Eldoret na Kitale tulizipita upesi. Baada ya Kapenguria barabara ikateremka kuelekea Marich, na milima ya Sekerr ikajitokeza, kilele cha Mtelo kikizidi mita 3,300.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Pokot Magharibi. Miamba niliyoifuata huitwa ofioliti: mabaki ya sakafu ya bahari ya kale, iliyozibwa mabara yalipogongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mengine yako Baragoi na Moyale.

Asubuhi iliyofuata mwalimu alitega kifaa, akazungusha skrubu mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati, akatukataza kutembea, kwani hata kishindo cha nyayo hukivuruga. Kisha tukapima mwinuko kwa makini sana: ukipanda mita moja tu, mvutano hupungua kwa takriban miligali 0.3. Kila baada ya muda tulirudi kituo cha kwanza kupima upya, maana springi ya ndani hubadilika kidogo kidogo kutwa nzima.

Niliokota jiwe la kijani, linateleza kama sabuni iliyolowa, lina mishipa myeupe. Lilikuwa serpentini. Zamani lilikuwa peridotiti, mwamba mzito wa gramu 3.3 kwa sentimita ya ujazo, ilhali miamba ya kawaida ya bara ni kama 2.7. Peridotiti nzima ikijaa chini, mvutano hupanda. Maji yakiipenya, hugeuka serpentini, uzito ukashuka hadi karibu 2.6, na alama yake kwenye vipimo ikafifia. Ndiyo maana naipenda kazi hii: bila kuchimba hata shimo moja, unapata fununu ya kilichobaki kizima huko chini.

Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alituuliza kama tunatafuta dhahabu, kwa kuwa watu huichekecha katika mto Muruny.

“Hapana, mzee wetu,” mwalimu akajibu. “Tunapima uzito wa mlima.”

“Basi mkishaujua, mje mtuambie.”

Ombi lake ni haki. Ramani ya vipimo vyetu ikikamilika, nakala ya kwanza ipelekwe Sekerr.