Cheko la Mwovu

Nilipokuwa mtoto palikuwa na kibanda cha video karibu na soko letu, kilichoezekwa kwa mabati na kuzibwa madirisha kwa magunia ili mwanga wa jua usiingie. Humo ndimo nilimojifunza kwamba kila sinema ina watu wawili: staringi, ambaye hafi, na adui, ambaye hana budi kufa. Hatukuuliza adui alizaliwa na nani, wala alilala na njaa mara ngapi. Tulimjua kwa kovu la usoni na kwa cheko lake, na alipoanguka tulipiga makofi. Kwa watoto elimu hiyo ilitosha. Miaka mingi baadaye niligundua kwamba haikumtosha mwalimu.

Jumamosi moja ya mwaka 2022 nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule ya bweni ninakofundisha Kiswahili. Baada ya chakula cha jioni nilisikia makelele bwaloni, nikaenda mbio nikidhani kwamba kuna aliyepunjwa nyama. Nilikuta wanafunzi wa kidato cha tatu wamegawanyika makundi mawili, mishipa ya shingo imewasimama, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kushikana mashati. Hawakugombania chakula wala mpira. Waligombania Joker, adui wa Batman: ni nani aliyemwigiza vyema zaidi, Heath Ledger au Joaquin Phoenix?

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuwafukuza waende wakasome. Wazo la pili likanizuia. Mwalimu hutumia mwaka mzima akiwasihi wanafunzi watoe hoja. Je, hoja zikija zenyewe azifungie mlango? Nikawaambia kwamba wakiachana mashati, Ijumaa itakayofuata wataukamilisha ugomvi wao kwa utaratibu, katika mjadala wenye mwenyekiti, wasemaji na kura.

Kwa msomaji asiyemjua, Joker alitokea mara ya kwanza mwaka 1940 katika vitabu vya katuni vya Marekani: mtu mwenye uso mweupe kama chokaa, nywele za kijani na midomo myekundu iliyokenua daima. Uso ni mmoja, lakini kila mwigizaji aliyeuvaa aliuvaa kwa namna yake. Cesar Romero, aliyemwigiza tangu mwaka 1966, alikataa kunyoa masharubu yake, ikabidi yapakwe rangi nyeupe juu kwa juu. Naye Joker wake alikuwa mtundu wa vioja ambaye hata mtoto angemcheka bila hofu. Mwaka 1989 Jack Nicholson alimfanya jambazi mwenye majivuno, aliyetumbukia katika tangi la kemikali akatoka na uso mpya juu ya roho ile ile ya zamani.

Kisha wakaja hao wawili waliowagombanisha wanafunzi wangu. Ledger aliigiza katika The Dark Knight ya mwaka 2008. Alifariki Januari mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 28, kabla sinema haijaonyeshwa, na tuzo ya Oscar aliyopewa mwaka 2009 ilipokewa na jamaa zake. Phoenix aliigiza katika Joker ya mwaka 2019. Kwa ajili ya kazi hiyo alijikondesha zaidi ya kilo 20, naye akapewa Oscar mwaka 2020. Basi waamuzi wa huko Marekani walikuwa wamekwisha kuwatuza wote wawili kwa mhusika mmoja, na wanafunzi wangu hawakuwa na pa kukimbilia ila katika akili zao wenyewe.

Nami sikuwa mwamuzi asiyependelea. Moyoni mwangu nilikuwa upande wa Phoenix. Chuoni, tulipokuwa tukifunzwa ualimu, tuliambiwa kwamba mtoto mkosaji atafutiwe sababu ya kosa lake kabla ya kutafutiwa adhabu. Niliipenda kanuni hiyo, nami naipenda hata leo. Sinema ya Phoenix ilionekana kwangu kuwa kanuni hiyo imetiwa katika picha: mtu maskini aitwaye Arthur Fleck, anayeishi na mama yake, ana ugonjwa wa kucheka asipotaka kucheka, anapigwa njiani, anadhihakiwa, na ofisi inayompa dawa na ushauri inafungwa kwa sababu ya kukosa fedha. Mwishowe anaua. Niliona kwamba adui wa kibandani kwetu alikuwa hatimaye amepewa mama, njaa na machozi.

Ijumaa ikafika. Sinema hizi si za watoto wadogo, wala shule haikuzionyesha. Waliosema walikuwa wameziona likizoni. Msemaji wa kwanza alimtetea Ledger. Alisema kwamba mwigizaji hodari ni yule anayemfanya mtazamaji amsahau mwigizaji, na kwamba yeye alipomtazama Joker wa Ledger akiramba midomo na kuuburuza mwendo wake, hakuona mtu mwenye jina wala nchi. Aliona hatari tupu. Kisha akatoa hoja ambayo sikuitazamia. Joker huyo, alisema, anasimulia jinsi alivyopata makovu ya mdomoni. Mara ya kwanza anasema ni baba yake aliyemkata. Mara ya pili anasema alijikata mwenyewe kwa ajili ya mkewe. Hadithi mbili haziwezi kuwa kweli pamoja, na sinema haituambii kamwe iliyo kweli. Hapo ndipo kinapotoka kitisho chake, kwa kuwa hatujui tumshike wapi.

Msichana mmoja alijibu kwa upande wa Phoenix, naye alisema vizuri kupita wote. Alisema kwamba kumwigiza mwovu asiye na chanzo ni rahisi, kama kuchora mti usio na mizizi. Kazi kubwa ni kuonyesha mizizi. Alituambia tuzikumbuke mbavu za Phoenix, na lile cheko linalomkaba koo hata likafanana na kilio. Alisema kwamba kila Joker ametengenezwa na watu waliompita njiani bila kumsalimu. Makofi yakalia, na mikono yangu ilikuwa miongoni mwa mikono iliyolia.

Hapo akasimama kijana mmoja kutoka safu ya nyuma. Simtaji jina. Katika chumba cha walimu alijulikana sana, wala si kwa sifa. Alipigana, alichelewa, alikaa kimya alipoulizwa. Mara nyingi alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na aliporudi wenzake walimtania kwa viatu vyake. Hakuwa ameomba kusema, lakini mwenyekiti alimruhusu.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "mimi niliiona sinema ya Phoenix mara moja tu, na sitaki kuiona tena. Simlaumu mwigizaji. Aliigiza vizuri mno. Lakini mmesema hapa kwamba mtu akiwa maskini, akachekwa, akapigwa, na nyumbani yuko mama peke yake, basi huyo ndiye Joker. Mimi nimechekwa humu humu. Karo yangu mnaijua. Mama yangu yuko peke yake. Nataka wale wanaomhurumia yule wa sinema waniambie: mimi mnangojea nianze lini?"

Bwalo likawa kimya hata tukasikia sufuria zikioshwa jikoni. Kijana akaendelea kwa sauti ya chini kwamba yeye anamchagua Ledger, kwa kuwa Joker wake anajua watu wanapenda kutafutiwa sababu, naye anawapa sababu ya uongo wajitosheleze nayo. "Huyo ni mbaya kwa sababu anataka," alisema. "Basi na mwingine anaweza asitake." Akaketi.

Kura zilipohesabiwa, upande wa Ledger ulishinda kwa tofauti ndogo, walakini hakuna aliyeshangilia. Mimi nilitoka bila kusema maneno ya kufunga niliyokuwa nimeyaandaa. Nilikuwa nikiyafikiri maneno mengine, niliyokuwa nimeyaandika kwa mkono wangu mwaka uliotangulia katika faili la kijana yule: kwamba kutokana na hali ya nyumbani kwao asitarajiwe makubwa, na walimu wawe waangalifu naye. Niliyaandika kwa huruma. Nilidhani kwamba nilikuwa nimeitafuta sababu, kama chuo kilivyonifunza. Kumbe nilikuwa nimekwisha kumpa kijana wa watu nafasi ya adui katika sinema yangu, kisha nikaketi kungojea sehemu ya mwisho.

Siku zile nilisoma mengi juu ya Joker, maana aibu nayo ni mwalimu mkali. Nikakuta jambo ambalo ningependa kila msomaji wa kitabu hiki alijue. Wale waliombuni Joker walisaidiwa na picha ya mwigizaji mmoja Mjerumani, Conrad Veidt, katika sinema ya The Man Who Laughs ya mwaka 1928. Sinema hiyo ilitokana na riwaya ya Mfaransa Victor Hugo iliyochapishwa mwaka 1869. Ndani yake yumo mtu aitwaye Gwynplaine, ambaye alikatwa uso utotoni kwa amri ya mfalme hata mdomo wake ukabaki umekenua maisha yake yote. Watu humlipa wamcheke katika maonyesho. Amedhulumiwa kuliko Arthur Fleck, na cheko lake halimtoki hata akilia. Lakini Gwynplaine si mwovu. Ni mtu mpole, mwenye mapenzi ya kweli kwa msichana kipofu, na ndiye tunayemlilia katika hadithi hiyo.

Uso ambao dunia nzima inautambua kuwa uso wa mwovu ulianza, basi, kuwa uso wa mtu mwema aliyeumizwa. Jeraha lilikuwa lile lile, na cheko lile lile. Walioufuata waliutia roho nyingine.

Wiki iliyofuata niliwasimulia wanafunzi habari hiyo darasani. Kijana wangu wa safu ya nyuma hakusema neno, ila aliniomba nimwandikie jina la kile kitabu. Jioni ile nilikwenda katika ofisi yenye mafaili, nikaomba faili lake, nikaandika chini ya maneno yangu ya zamani kwamba mwalimu aliyeyaandika alikosea. Sikuyafuta ya kwanza. Nilitaka yabaki yanitazame.

Sasa wakinijia tena wanafunzi wenye ubishi huo, siwaambii kwamba Ledger ni bora wala kwamba Phoenix ni bora. Nawaambia kwamba kila mwigizaji aliyemvaa Joker alikuwa akijibu swali moja: uovu hutoka wapi? Romero alijibu kwamba ni utundu uliozidi kipimo. Nicholson alijibu kwamba ni majivuno yaliyopata kioo. Ledger alilifunga swali na kutucheka. Phoenix alitufungulia kidonda. Sikubaliani na wanaosema kwamba Phoenix alifanya kosa kutufungulia. Alituonyesha maisha ya mtu mmoja, na alituonyesha kwa uaminifu. Kosa lilikuwa letu, sisi tuliotazama maisha ya mmoja tukayafanya sheria ya wengi.

Kutafuta sababu ya ubaya ni wajibu wa kila mwenye akili, kwa maana asiyeujua mzizi hataweza kuung'oa. Lakini sababu si amri. Njaa inaweza kueleza wizi wa mtu mmoja, na mwenye njaa wa pili akapita karibu na ghala lile lile bila kugusa punje. Anayemhurumia wa kwanza hata akamsahau wa pili amemdhulumu huyo wa pili, tena amemdhulumu kwa uso wa upole, na dhuluma ya namna hiyo ni ngumu kuijibu.

Kijana yule alimaliza kidato cha nne mwaka 2023. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na siku ya kuondoka alinipa mkono kama wenzake wote. "Kwaheri, mwalimu," alisema, akacheka. Lilikuwa cheko la kijana aliyemaliza shule, nami nililipokea hivyo.