Kulala Kando ya Kagera

Mjukuu wangu, wewe Ibanda umeikuta ikiitwa hifadhi ya taifa, hadhi iliyoipata mwaka 2019. Sisi wa Isingiro tuliita porini, basi, na msimamizi wake tukamwita Bwana Nyama, mtu wa kaptula ya kaki na harufu ya mafuta ya bunduki. Masika ya 1977 mjomba wangu alikuwa akimbebea mizigo, nami shule ilipofungwa akanichukua. Kahawa ilikuwa na bei, kwa kuwa baridi kali ilikuwa imeunguza mashamba ya Brazil mwaka 1975, na baba akaninunulia tochi. Betri zake mbili zilikuwa shilingi tatu, bei ya mkungu mnono wa ndizi siku zile.

Tulifunga turubai chini ya mgunga, mbali na njia ya viboko. Mjomba aliikagua kwanza njia hiyo: mfereji uliolainika katikati ya nyasi, na kinyesi kimetapanywa vichakani pande zote mbili. "Ukimzibia kiboko njia ya kurudi majini," alisema, "hakuulizi wewe ni mtoto wa nani." Usiku walipopanda kula majani niliamriwa kuzima tochi yangu ya thamani, nikabaki na masikio na pua: nyasi ziking'olewa hatua chache kutoka tulipolala, mikoromo, harufu ya matope na ya mafunjo yaliyooza, na moshi wa samadi tuliokuwa tukifukuzia mbu. Sikulala, wala sikujuta.

Kulipokucha, nyamera walikuwa wamesimama juu ya vichuguu, dume mmoja mmoja, wakilinda maeneo yao. Ndani ya mafunjo mjomba alinionyesha pua ya nzohe. Mwili wote ulikuwa umezama. Furukombe alilia upande wetu, mwenzake akamwitikia kutoka Rwanda, kwenye Hifadhi ya Akagera. Bwana Nyama, akipuliza chai yake, akatusimulia kwamba mwaka 1957 vifaru weusi walikamatwa huku kwetu Karagwe wakavushwa mto kupelekwa huko. Mjomba alinuna kana kwamba walitolewa zizini kwake.

Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yaliingia upande wa Missenyi, na habari za kulala mtoni zikaisha. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi, mamia kwa maelfu, na watu wenye njaa hupika kwa kuni zilizopo na kula nyama iliyopo, siwalaumu. Ng'ambo nako ujangili ukawamaliza vifaru wale. Mwaka 2017 Rwanda ikaleta wengine 18, safari hii kutoka Afrika Kusini. Mjomba angekuwa hai angeuliza mbona hawakuvuka tu mto kuchukua kwetu, nami ningelazimika kumwambia kwamba hatuna.