Sauti Iliyopotea Juu ya Kabati

Mama alipotuambia kwamba masikio nayo yanamuaga, hatukubisha. Macho yalikuwa yamekwisha kuingiwa na mtoto wa jicho, msahafu hausomeki tena, na sisi wanawe tukaona kwamba uzee umebisha hodi mlango wa pili. Tangu macho yadhoofike, kila baada ya Alasiri alikuwa akimsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, yule ambaye tartili yake ya Qur'ani nzima ilianza kusikika katika redio ya Cairo mwaka 1961. Humfuata juzuu kwa juzuu, midomo ikicheza bila kutoa sauti. Sasa akawa anaomba tuzime kabla ya robo saa kutimia.

"Nasikia ngurumo tu," alisema. "Sini na swadi zote kwangu ni moja."

Kwa mwanamke aliyewasomesha wasichana wa Munje miaka na miaka, hayo hayakuwa maneno madogo. Akaanza kuwaambia wazazi watafute mwalimu mwingine. Nasi tukaanza kuchanga fedha za kumnunulia kifaa cha kusikilizia.

Baadaye tuliona haya, kwa kuwa dalili ilikuwa mbele yetu siku zote. Mtoto akikosea pale mkekani, Mama alimrekebisha papo hapo, hata akiwa amempa kisogo. Masikio yanayoipata swadi ya mtoto wa miaka minane yashindweje na ya sheikh?

Spika zenyewe ni mbili, za mbao, ndogo kiasi cha kukaa rafuni baina ya vitabu. Kaka yetu alituletea kutoka Maskati. Tulizipandisha juu ya kabati, moja imesukumwa pembeni kabisa mwa chumba, ya pili imezibwa nusu na pazia, na juu ya zote mbili tumetandika vitambaa vya kufuma. Zilipendeza sana.

Jioni ya kwanza tulizima umeme, tukazishusha na kutazama waya. Hewa ya bahari haina huruma na shaba: ncha zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Tulizikwangua hadi zikang'aa, na hapo ndipo tulipogundua kwamba upande mmoja waya mwekundu umefungwa penye cheusi. Maana yake ni kwamba spika moja inaposukuma hewa, mwenzake anaivuta, na sauti nzito zinauana njiani. Rekodi za zamani kama ile zilinaswa kwa mkondo mmoja, kwa hiyo msomaji hupaswa kusikika katikati ya spika mbili kana kwamba ameketi pale. Kwetu sauti ilikuwa imetapakaa chumbani kama moshi wa kuni. Tulipobadilisha waya, sheikh alikuja katikati, hata mjukuu mdogo akaenda kuchungulia nyuma ya meza.

Lakini ngurumo ilibaki, tena ikazidi, na hiyo ilikuwa kazi ya pembe. Sauti nzito husambaa pande zote, haiendi mbele tu. Ikiwa karibu na kuta mbili zinazokutana, hurudishwa na kuongezeka, ikaifunika ile nyembamba ambayo ndiyo hubeba makali ya herufi. Tulizisogeza spika mbele ya ukuta dhiraa moja, ngurumo ikapungua. Tukajaribu dhiraa mbili, sauti ikakonda, sheikh akawa kama mtu mwenye homa. Tukarudi moja na nusu. Kila jioni, baina ya Magharibi na Isha, tulibadilisha jambo moja tu, kisha tukasikiliza Suratu Maryam ileile, maana ukisogeza vitu vitatu kwa pamoja hutajua kilichokufaa.

Kimo ndicho kilichotuchekesha. Kile kispika kidogo cha juu, mafundi hukiita twita, hutupa sauti nyembamba mbele yake kama mwanga wa tochi, nacho hupaswa kulingana na masikio. Maelekezo ya kiwandani humdhania msikilizaji kuwa yuko kitini. Mama huketi mkekani, masikio yake yako kiasi cha sentimita 75 kutoka chini, na kwa muda wote huo swadi zilikuwa zikimpita juu ya kichwa. Tulitafuta vigoda. Kilipatikana kimoja, na mdogo wetu akapendekeza mbuzi ya kukunia nazi kwa upande wa pili. Mama akauliza, "Na nazi mtakuna kwa meno?" Tukaazima kigoda kwa jirani. Tukaziweka spika mita mbili mbalimbali, na Mama mita mbili kutoka kila moja, nyuso zao zimemwelekea kidogo. Vitambaa tukavirudisha sandukuni.

Mwangwi haukuhitaji elimu. Sakafu ya saruji, kuta tupu, mabati juu: ukipiga kofi, chumba kizima kilijibu. Tulitundika jamvi kuukuu ukutani, tukatandika zulia mbele ya spika, na kofi likawa kofi.

Jioni ya sita Mama aliketi mahali pake. Alisikiliza kurasa mbili bila neno, midomo ikaanza kucheza, kisha akainua mkono. Tulidhani ameshindwa tena.

"Punguzeni," alisema. "Mbona mnampigisha sheikh kelele?"

Tulipunguza hadi nusu ya tulivyozoea, naye akaendelea hadi mwisho wa sura.

Hatusemi kwamba masikio yake ni ya msichana. Akiitwa kutoka uani bado huitwa mara mbili. Lakini wazazi wameambiwa wasitafute mwalimu mwingine, na fedha tulizochanga amekubali ziende kwa mtoto wa jicho, jambo alilokuwa akilikataa kwa miaka miwili. Mvua ya masika ikipiga mabati hakuna spika inayoifua dafu; siku hizo tunazima, na wasichana humsogelea Mama wakamsomea karibu na bega.